Ndege Zinapita Juu ya Mafia

Mazungumzo kuhusu viwanja vya ndege vya visiwani huishia kwenye lami: urefu wa njia ya kurukia, jengo la abiria, uzio, taa. Mgeni rasmi akishakata utepe, inachukuliwa kwamba kisiwa kimeunganishwa na nchi na kazi imekwisha. Historia ya Mafia inatia shaka hesabu hiyo. Kisiwa hiki kilikuwa na kiwanja cha ndege mwaka 1915, wakati watu wengi wa Afrika Mashariki walikuwa hawajaona ndege hata kwa mbali, na tangu hapo ndege zimetua kisiwani kwa ajili ya vita, maofisa, wataalamu na watalii. Wenyeji nao wamepanda, hasa wenye mishahara na wagonjwa waliochangiwa na ndugu, lakini ni nadra safari hizo kupangwa kwa kuwafikiria wao kwanza. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba kiwanja huwa cha kisiwa pale tu ratiba na nauli zinapowekwa kwa mahitaji ya wakazi, na kwamba hilo halijawahi kutokea mahali popote mpaka mamlaka fulani ya umma ikubali kulipia viti vinavyobaki vitupu.

Tuanze na vita. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia na kuizamisha HMS Pegasus bandarini Unguja, kisha ikakimbilia ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba lakini hawakuweza kuifikia. Meli zao kubwa hazikupita kwenye vina vifupi vya mito ile, na mikoko ilikuwa mirefu na iliyofungamana kiasi kwamba mtu aliye baharini haoni chochote zaidi ya majani. Njia pekee ya kuiona ilikuwa kutoka juu. Ndipo akaletwa rubani wa kiraia kutoka Durban, H. D. Cutler, na ndege ya majini aina ya Curtiss, akaweka kambi Nyororo, kisiwa kidogo kaskazini mwa Mafia ambacho wavuvi wa dago wanakijua vizuri kuliko wanavyokijua wanahistoria. Cutler aliiona manowari mwezi Novemba. Desemba ndege yake ilishindwa ikiwa ndani ya delta, akatekwa na Wajerumani.

Januari 1915 Waingereza waliteka Mafia yenyewe, kwa sababu ilikuwa jukwaa linalotazamana na Rufiji, kiasi cha kilomita 20 tu kuvuka mlango wa bahari. Ndege za majini za Sopwith walizoleta Februari zilishindwa na joto na unyevu wa pwani yetu; nyingine zilikuwa nzito mno kupaa salama zikiwa na mafuta na mabomu. Hapo likaja wazo la kuacha maji na kutumia nchi kavu. Sehemu ya kisiwa ilisafishwa, na mwezi Juni ndege za Caudron na Henri Farman zikawasili. Tarehe 6 Julai, na tena tarehe 11 Julai 1915, ndege hizo ziliruka kutoka Mafia kuelekeza mizinga ya Severn na Mersey, meli mbili zenye vina vifupi zilizoletwa mahsusi kwa kazi hiyo. Siku ya pili ndege ya rubani John Cull ilipigwa, lakini mwangalizi wake aliendelea kutuma marekebisho ya shabaha kwa redio huku wakishuka kuelekea mtoni, na mchana huo Wajerumani wakailipua manowari yao wenyewe. Kazi ikawa imekwisha, na marubani wakapelekwa kwenye vita vingine. Sijui kama kuna mfano ulio wazi kuliko huu wa kiwanja kilichojengwa juu ya kisiwa bila kisiwa kuhusika: hata macho ya marubani yalikuwa yameelekezwa upande mwingine, bara.

Mtu anaweza kusema kwamba vita ni vita, na haifai kupima historia ya usafiri kwa tukio la miezi michache. Ni kweli, lakini tukio hilo linafuata mwenendo wa zamani zaidi. Mafia haikuzaliwa mbali. Katika enzi za majahazi, Kisimani Mafia ilikuwa imefungamana na Kilwa, na mji wa Kua kwenye kisiwa cha Juani ulikuwa na misikiti na majumba ya mawe mpaka uliposhambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa nahodha anayefuata kaskazi na kusi, kisiwa kilikuwa njiani. Wajerumani walipokabidhiwa Mafia mwaka 1890 walitawala kutoka Chole, kwenye ghuba yenye vina vifupi iliyotosha kwa majahazi. Mwaka 1913 wakahamishia makao Kilindoni, upande wa magharibi, kwa sababu meli za moshi zilihitaji maji ya kina. Chole, iliyokuwa mji, ikabaki magofu na mikuyu. Kisiwa hakikuhama wala bahari haikupanuka. Kilichobadilika ni chombo, na pamoja nacho ikabadilika hesabu ya nani yuko karibu na nani yuko mbali.

Ndege zilirudia hesabu hiyo kwa kasi zaidi. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi, na kampuni hiyo ikaja kuziunganisha Nairobi, Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Mwaka 1937 Imperial Airways ilianza kupeleka ndege kubwa za majini kutoka Uingereza hadi Durban: zilishuka Kisumu, zikaja Mombasa, Dar es Salaam, kisha Lindi, na kuendelea Msumbiji. Ukichora mstari kati ya Dar es Salaam na Lindi, Mafia iko pale pale ubavuni mwake. Barua ya mfanyabiashara wa London ilipita jirani na minazi ya Kilindoni ikielekea Afrika Kusini, wakati barua ya mtu wa Kilindoni kwenda Dar es Salaam ilisubiri upepo. Lindi ilichaguliwa kwa bandari yake tulivu na kwa umbali uliofaa wa kujaza mafuta. Uamuzi huo wa kiufundi ulikuwa halali kabisa, na hakuna aliyeukusudia uwe dhuluma. Ila kisiwa kilichokuwa njiani kwa karne nyingi kikawa sasa kitu cha kutazamwa kupitia dirisha.

Mabadiliko ya kweli yalikuja na East African Airways, shirika lililoanzishwa tarehe 1 Januari 1946 na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilianza na ndege sita za de Havilland Dragon Rapide, zenye mbawa mbili juu na chini, mwili wa mbao na kitambaa, na nafasi ya abiria wasiozidi wanane. Ndege ya namna hiyo haihitaji lami. Inahitaji nyasi zilizofyekwa na mtu wa kufukuza mbuzi. Mafia ikapata nafasi kwenye safari za pwani ya kusini pamoja na Kilwa, Lindi na Mtwara. Baadaye zikaja ndege nyingine, zikiwemo Twin Otter zilizotengenezwa Kanada kwa ajili ya maeneo yasiyo na barabara. Tusilipambe shirika hilo. Lilianzishwa na wakoloni, na wateja wake wa kwanza walikuwa maofisa na walowezi. Lakini lilikuwa na sifa moja ambayo haikurudi kirahisi: hasara ya njia ndogo ilimezwa ndani ya hesabu ya shirika zima, lenye safari za Ulaya na Asia. Halikulazimika kila asubuhi kuuliza kama Kilindoni pekee inajilipia. Liliposambaratika mwaka 1977, na Tanzania ikaunda shirika lake, njia ndogo zilirithiwa na chombo chenye mfuko mdogo, mafuta ghali na uhaba wa fedha za kigeni. Ndege ya kisiwani ikawa ya kwanza kuahirishwa.

Kutoka hapo hadithi inajulikana. Miaka ya 1990 anga ilifunguliwa kwa kampuni binafsi. Mwaka 1995 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na wazamiaji wakaanza kuja kuangalia matumbawe na papa potwe. Februari 2008 serikali ilitia saini mkataba wa dola milioni 698 na shirika la Kimarekani la Millennium Challenge Corporation, na ndani ya mkataba huo, uliomalizika 2013, kikawemo kiwanja cha Mafia: njia ya kurukia ikawekwa lami. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukuza utalii na biashara. Lami ilikuwa nzuri na ilihitajika, maana changarawe iliyolowa ni hatari kwa rubani na kwa abiria wote. Swali ni kilichotua juu yake. Ndege zilizoizoea njia hii ni za injini moja aina ya Cessna Caravan, zenye abiria kama kumi na wawili, na ratiba zake zimepangwa ziungane na Unguja na mbuga ya Selous, ambayo sehemu yake kubwa sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kikomo cha mzigo ni kilo 15, tena kwenye begi laini linaloweza kusukumwa ndani ya tumbo la ndege. Kikomo hicho kinamtosha mtalii mwenye miwani ya kuzamia. Mama anayepeleka nazi, dagaa au pweza sokoni Dar es Salaam hana la kufanya nacho. Masika inapoingia hoteli nyingi hufunga, na viti vya kujaza ndege hupungua wakati ule ule ambao bahari na barabara ni mbaya zaidi.

Hapa pana pingamizi la kwanza, nalo ni zito: bila watalii hakuna ndege kabisa. Kampuni binafsi haina deni kwa mtu wa Kilindoni. Inalipa mafuta, mishahara, bima na tozo, na mgeni anayelipa kwa dola ndiye anayemwezesha mwalimu au mgonjwa kupata kiti cha mwisho. Nakubali kila neno la hoja hii. Sipati kosa kwa kampuni. Lakini hoja hiyo inathibitisha ninachosema. Ikiwa mwenyeji anasafiri kwa sababu mgeni amejaza ndege, basi asiposafiri mgeni, mwenyeji naye hasafiri. Na maradhi hayafuati msimu wa papa potwe. Soko limefanya kazi yake, ambayo ni kuhudumia wenye uwezo wa kulipa. Kosa ni kulidai lifanye kazi ambayo hakuna aliyelipa ifanyike.

Ili kuona kazi hiyo inavyoonekana ikilipiwa, inafaa kwenda mbali kidogo, kwenye visiwa vya Scotland, ambako historia ya ndege ina umri unaokaribiana na wa Wilson Airways. Agosti 1930 watu 36 waliobaki kwenye kisiwa cha St Kilda waliondolewa na serikali kwa ombi lao wenyewe, kwa kuwa maisha yasiyo na daktari wala meli ya uhakika yalikuwa yamewashinda. Miaka mitatu tu baadaye, tarehe 8 Mei 1933, rubani aitwaye Fresson alianza safari za kampuni yake ya Highland Airways kutoka Inverness hadi Kirkwall, visiwani Orkney. Siku sita baada ya hapo, ndege ya kampuni nyingine ilimchukua mvuvi mgonjwa kutoka kisiwa cha Islay na kumpeleka Glasgow, na huo ndio mwanzo wa huduma ya ndege za wagonjwa ya nchi ile. Fresson hakuwa na lami. Alitua kwenye makonde ya wakulima, hata kwenye kisiwa kidogo cha North Ronaldsay. Alichokipata kutoka kwa serikali ni mkataba wa posta: tangu Mei 1934 barua za Orkney zilipelekwa kwa ndege kwa bei ya stempu ya kawaida. Mkataba huo ulimpa uhakika wa malipo hata siku ambayo abiria ni mmoja. Serikali ilinunua safari kwanza. Saruji na lami vilikuja baadaye.

Kisiwani Barra, upande wa magharibi, lami haijafika kwenye njia ya kurukia mpaka leo. Ndege hutua ufukweni, kwenye mchanga wa Tràigh Mhòr, ambako njia tatu zimewekewa nguzo za mbao na zote humezwa na bahari maji yakijaa. Ratiba hufuata jedwali la maji kujaa na kupwa, jambo ambalo nahodha yeyote wa Nyamisati, gati la bara la vyombo vya Mafia, angelielewa bila kufafanuliwa. Ufuko huo huo ni wa waokota kome, na kanuni yao ni fupi: kifuko cha kuonyesha upepo kikiwa kimepandishwa, ondokeni mchangani. Kiwanja hicho kinaendeshwa na kampuni ya umma iliyo mali ya serikali ya Scotland, yenye viwanja kumi na kimoja, na tangu 2006 mkazi wa visiwa hivyo hupunguziwa nauli kwa mpango wa serikali ambao mtalii hahusiki nao. Kwa kipimo cha lami, Kilindoni imeipita Barra mbali sana.

Nisije nikaeleweka kwamba dawa ni shirika la serikali. Scotland yenyewe inakanusha hilo. Mwaka 1947 kampuni ya Fresson ilitaifishwa pamoja na nyingine na kuingizwa katika British European Airways. Mwaka uliofuata Fresson mwenyewe akaachishwa kazi, na safari zake za kati ya visiwa vidogo vya Orkney, zilizokatizwa na vita, hazikurudishwa na shirika hilo la umma. Visiwa vilikaa bila ndege mpaka 1967, zilipoanzishwa tena na Loganair, kampuni binafsi. Kilichozidumisha baadaye ni halmashauri ya visiwa kuingia mkataba na mwendeshaji, ikitaja idadi ya safari na nauli, na kulipa pengo. Kwa hiyo mali ya nani ndege ilivyo si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kama kuna sharti lililoandikwa, na fedha iliyotengwa nyuma ya sharti hilo. East African Airways ilitimiza kazi hiyo bila kuiandika popote, ndiyo maana ilipokufa hapakuwa na mtu wa kumdai.

Wapo watakaosema: hiyo ni Uingereza, sisi ni nchi yenye zahanati zisizo na dawa, na ruzuku ya ndege itawanufaisha maofisa na wafanyabiashara wachache. Sehemu ya pili ya pingamizi hili ndiyo ninayoiogopa zaidi. Ruzuku inayomwagwa juu ya tiketi zote huenda kwa anayesafiri mara nyingi, na huyo kwa kawaida tayari amelipiwa na ofisi. Ndiyo maana mkataba unapaswa kutaja viti vichache vya wakazi na wagonjwa wa rufaa, siku fulani za wiki, mwaka mzima, masika ikiwemo. Hilo ni jambo dogo sana kuliko shirika la ndege, na dogo kuliko kilomita moja ya lami. Kuhusu sehemu ya kwanza, tukumbuke kwamba Orkney ya 1934 haikuwa tajiri. Ilikuwa visiwa vya wafugaji na wavuvi vilivyokuwa vikikimbiwa na vijana. Na hapa kwetu wazo la kupeleka huduma kwa ndege kwa sababu ya hitaji, bila kungoja soko, si geni: AMREF ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari wa upasuaji waliotumia ndege ndogo kufika hospitali za vijijini.

Pingamizi la mwisho ni la bahari. Watu wa kisiwani, inasemwa, wanahitaji meli nzuri. Ndege ni anasa. Nani atabisha baada ya tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaa kupita kiasi na mamia ya watu wakafa? Meli ndiyo inayobeba saruji, mchele, sukari na watu wengi, na itaendelea kuwa hivyo. Barra nayo ina meli, inayopewa ruzuku kama ndege inavyopewa, na hakuna anayeona kwamba moja inamnyang'anya mwenzake. Lakini mlinganisho wa meli unasaidia upande wangu zaidi. Kwenye njia ya Nyamisati hadi Kilindoni serikali imeweka kivuko cha MV Kilindoni, kinachoendeshwa na wakala wake, TEMESA. Hakuna aliyengoja mpaka watalii wakijaze. Ilikubaliwa kwamba kilomita hizo za maji ni sehemu ya barabara ya taifa, na kwamba pengo la nauli ni la umma. Yaani kanuni ninayoitetea tayari ipo Mafia, imefika gatini, na inaishia pale. Kiwanja kiko mjini hapo hapo Kilindoni, chini ya mamlaka nyingine, na kimeachiwa kanuni nyingine kabisa, ingawa mama mwenye uchungu uliokwama huweza kukihitaji usiku ule ule ambao kusi imezuia vyombo.

Jinsi kanuni inavyoweza kugeuza mambo inaonekana Orkney, kati ya Westray na Papa Westray. Huko kuna safari ya ndege yenye ratiba iliyo fupi kuliko zote duniani: kilomita 2.7, chini ya dakika mbili angani. Inawapeleka walimu, wagonjwa na wanafunzi. Watalii nao hutoka mbali kuja kuipanda, wapate cheti na picha, na fedha yao inapokewa kwa furaha. Wanajaza viti ambavyo wenyeji hawakuvitumia siku hiyo, kwenye ndege ambayo ingeruka hata kama wasingekuja.